Mwanjelwa usiku: mgeni aanzie wapi, na kwa nini hapalali kama mjini?

Mgeni wa Kimara (#1)
Wakuu, habari za jioni.

Ijumaa ijayo napanda basi kuja Mbeya. Jumapili kuna kikao cha posa ya mdogo wangu huko Iyunga, kwa hiyo usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi ni wangu mwenyewe. Nataka kuumalizia Mwanjelwa.

Sababu ni hii. Mwaka jana nilipita hapo nikielekea Tunduma, basi likaharibika jirani na Kabwe, tukashuka saa sita usiku kasoro. Ofisini kwetu walikuwa wameniambia Mbeya ikifika saa tatu kila mtu yuko chini ya blanketi. Nilichokiona ni mama anapanga mikungu ya ndizi kwa mwanga wa tochi, jiko la nyama linafuka, muziki unatoka pande tatu, na vijana wanashusha magunia ya viazi. Tukapelekwa mjini kulala. Huko nikakuta maduka yamefungwa, barabara nyeupe, mlinzi na mbwa wake tu. Na ni mwendo mfupi sana kutoka pale!

Nisaidieni: nikae upande gani, nile nini, saa ngapi ni nzuri na saa ngapi niondoke. Na anayejua aniambie kwa nini mjini panalala na Mwanjelwa hapalali. Natanguliza shukrani.

Loleza Mashariki (#2)
Karibu sana. La kwanza: koti. La pili: koti. Ni Julai hii, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10. Watu wa Dar mnakuja na fulana halafu mnasema mji hauna raha.

Bajaji Tatu (#3)
Mgeni, naendesha bajaji kati ya Sae, Mwanjelwa na Mafiat, huu mwaka wa sita. Mwanjelwa inabadilika kila baada ya saa mbili, kwa hiyo nakupa saa kwanza, mahali utapaona mwenyewe.

Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja ni msongamano wa watu wanaorudi nyumbani. Soweto, Mwanjelwa, Kabwe na Mafiat zimeshikana kwenye barabara kuu ile ile, kila anayetoka mjini kwenda Uyole au Mbalizi anapita au anabadilisha gari hapo. Huo ndio muda wa mitumba ya jioni, wanamalizia mzigo na bei inashuka. Usiingie na begi mgongoni. Liweke mbele.

Saa moja hadi saa tatu ni muda wa kula. Saa tatu hadi saa sita baa zimechangamka, mpira ukiwepo usiseme. Baada ya saa saba wanabaki wa aina mbili: wanaotafuta pa kuendelea kunywa, na wanaofanya kazi. Wewe kama umekuja kuona mji, kaa karibu na wanaofanya kazi. Saa kumi alfajiri Fuso za ndizi kutoka Rungwe zimeshafika, na saa kumi na moja supu iko tayari.

Bajaji: kubaliana bei kabla hujakaa. Usiku tunakodisha, si kwa kichwa. Ukikubaliana na mimi ukiwa umesimama, hatugombani ukishuka.

Mgeni wa Kimara (#4)
@Bajaji Tatu asante kaka, nimeandika kwenye daftari. @Loleza Mashariki koti sina, nitaazima.

Binti Kiwira (#5)
Usiazime. Njoo ununue hapa hapa.

Mimi nauza ndizi, na mdogo wangu anauza makoti ya mitumba. Ukifika saa tano asubuhi siku ya kufungua belo utakuta watu wamelizunguka kama msiba. Wanakata kamba, belo linatoa pumzi, linavimba, nguo zinamwagika kwenye turubai, na mikono inaingia kabla hazijatulia. Wenye macho wanashika kola kwanza na zipu pili. Koti likiwa na zipu nzima na bitana haijachanika, shikilia chini ya kwapa, usilirudishe hata kama hujaamua, maana ukiliweka tu limekwenda. Bei ya asubuhi ni kali. Jioni, kama alivyosema Bajaji Tatu, inashuka, lakini mazuri yameondoka.

Kuhusu swali la kutolala, jibu langu ni fupi: sisi. Ndizi haingoji. Mkungu ukikatwa Rungwe mchana, unapakiwa jioni, unafika usiku, na mteja wa jumla anautaka kabla jua halijatoka ili naye awahi genge lake. Nikilala mimi, anayekula ndizi asubuhi Mbalizi hali. Aliyeko sokoni usiku anahitaji chai, anayeuza chai anahitaji mkaa, anayeleta mkaa anahitaji chips. Hivyo hivyo mpaka kunakucha.

Mzee wa Makunguru (#6)
Vijana, marahaba kwa wote mtakaonisalimu.

Binti Kiwira amesema kweli lakini ameanzia katikati. Mkesha wa Mwanjelwa umeletwa na barabara. Mwaka 1965 Rhodesia ya Smith ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ikabanwa kupitisha shaba yake kusini. Mizigo ikageuzwa kuja Dar es Salaam kwa malori, na mafuta yakarudi huko kwa mapipa. Ikaundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania, malori yake mengi yalikuwa FIAT ya Kitaliano. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, mtu akifika Mbeya amechoka hajiwezi. Hapo ndipo pa kulala, kula, kutengeneza gari. Mnapoita Mafiat, mnadhani ni neno la Kisafwa? Ni hayo malori. Baba yangu alifanya kazi ya kuziba pancha pale.

Dereva hana saa. Akifika saa nane usiku anataka ugali saa nane usiku. Aliyempikia alitajirika, na jirani yake akaiga. Hiyo ndiyo asili.

Mwanachuo 23 (#7)
Shikamoo mzee. Hapo kwenye Mafiat nimejifunza. Na Kabwe je? Mimi nilidhani nayo imetoka Zambia, kuna mji wa Kabwe ule uliokuwa unaitwa Broken Hill. Na Soweto ya Afrika Kusini. Yaani majina yote ya pale yametembea na barabara.

Binti Kiwira (#8)
Kwetu ibwe ni jiwe. Kabwe ni kajiwe. Kwa nini jina litoke Zambia wakati mawe yako hapa?

Mwanachuo 23 (#9)
@Binti Kiwira lakini hata ile ya Zambia inasemekana inatokana na jiwe, ni lugha zilizo ndugu. Kwa hiyo zinaweza kufanana bila moja kuzaa nyingine.

Mzee wa Makunguru (#10)
Marahaba kijana. Mimi niliikuta inaitwa Kabwe. Soweto hiyo ndiyo najua, ni enzi za mapambano ya kusini, redio ilikuwa haisemi kingine.

Dada wa Forest (#11)
Turudi kwa mgeni kabla hajafika bado tunagombania mawe.

Kaka wa Kimara, kuhusu kulala. Watakwambia lala Mwanjelwa penyewe uwe karibu na raha. Mimi nasema usilale juu ya baa. Kuna gesti moja maeneo hayo, siitaji, niliwahi kumpangia shangazi yangu aliyetoka Songea kuja kliniki. Chumba kizuri, maji ya moto yapo, mashuka meupe. Saa nne usiku spika zikawashwa chini ya dirisha lake. Nilipomfuata asubuhi alikuwa amekaa kitandani na kitenge kichwani, hajalala hata dakika moja, na siku hiyo ndiyo ya kupimwa presha. Nilijisikia vibaya mpaka leo. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo uliza maneno haya haya: "Chumba kiko upande gani na muziki unazimwa saa ngapi?" Kama mhudumu anababaika, ondoka. Forest na Uhindini pametulia, bajaji ni dakika chache. Kaa huko, uje Mwanjelwa, urudi.

Loleza Mashariki (#12)
Naunga mkono. Ila ukilala Forest utaikosa ile supu ya saa kumi na moja.

Bajaji Tatu (#13)
Supu nitamfuata kumchukua. Aniambie tu.

Mnyalukolo (#14)
Kamwene! Nyie watu wa Mbeya mnajisifia kelele. Mgeni ashuke Iringa, apandishe mjini, apewe ulanzi, aone watu wanavyostarehe bila spika.

Binti Kiwira (#15)
Ulanzi Julai, utautoa wapi? Mianzi inagemwa masika. Mgeni mpe ukweli wote.

Mnyalukolo (#16)
Hahaha dada umenikamata. Haya, Julai aje kwenu.

Nesi Mstaafu (#17)
Naomba niseme jambo moja ambalo nimelishughulikia zamu nyingi za usiku. Wageni wa joto wakifika huku wanaambiwa kunywa ndiyo dawa ya baridi. Pombe inatanua mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unasikia uso unawaka. Hilo joto unalolisikia ndilo linalokutoka. Mwili wa ndani unapoa huku wewe umevua koti. Nimepokea vijana waliookotwa mtaroni alfajiri ya Juni na Julai, wengine hawakuwa wamepigwa wala kuibiwa, ni baridi tu.

Kunywa ukiwa umekula. Koti livae unapotoka nje, hasa unapojisikia huhitaji. Na usimwache mwenzako "apunge upepo" peke yake.

Mgeni wa Kimara (#18)
Mama, shikamoo na asante. Hili sikulijua kabisa. Naja na binamu yangu, nitamsomea.

Swali lingine: binamu ni Mwislamu, hali nguruwe. Nimesikia Mbeya kila jiko ni kitimoto.

Mpishi wa Soweto (#19)
Si kila jiko. Nachoma nyama miaka tisa, nakueleza kama ndugu.

Kitimoto kina jiko lake na mara nyingi kina chumba chake nyuma, kina mafuta yake. Mbuzi, kuku na ng'ombe huwa mbele. Lakini kuna sehemu wanatumia kisu kimoja na ubao mmoja, na wengine wanakaangia ndizi kwenye mafuta yale yale. Binamu yako asiulize "mna kitimoto?", aulize "ndizi mnakaangia wapi?" Hapo ndipo ukweli ulipo. Kwangu nina visu viwili, kimoja nimekifunga kitambaa chekundu mpini, na mteja nikimwona anaangalia namwonyesha kabla hajauliza. Zipo pia hoteli za Waislamu jirani na soko, wali wa Kyela na maharage, samaki wa Ziwa Nyasa, hapo atakula amani.

Wewe unayekula kila kitu: chagua nyama yako ikiwa mbichi, uione ikipimwa, usikubali "tayari ipo imeiva". Agiza nusu kilo kwanza. Nyama nzuri ya kuchoma haigeuzwi-geuzwi. Naweka upande wa mafuta chini, mkaa nimeusogeza pembeni, nasubiri mafuta yaanze kudondoka moja moja na moshi uwe mweupe mwembamba. Moshi ukiwa mzito mweusi ujue mafuta yanaungua, nyama itakuwa chungu, mwambie mchomaji ainyanyue. Chumvi mwisho. Ndizi za huku ukizichoma na ganda lake, zikipasuka zenyewe zimeiva.

Loleza Mashariki (#20)
@Mpishi wa Soweto umeniharibia usiku, nimeshavaa viatu.

Mkulima wa Uporoto (#21)
Nimesoma sababu zote za kutolala na naona mmesahau mfuko. Mwanjelwa inachangamka kwa msimu. Njoo Februari, katikati ya wiki, uone kama kuna mkesha. Njoo sasa hivi ambapo mpunga wa Kyela na Mbarali umeshavunwa na watu wameuza, mahindi yanaingia ghalani: hakuna kiti. Mimi nikiuza viazi nalala Mwanjelwa usiku mmoja, siku nyingine zote nalala kwangu mlimani. Dalali akikulipa jioni huwezi kupanda na hela usiku, kwa hiyo unakaa mahali penye watu na taa. Ndiyo maana pana watu na taa.

Na niseme hili maana linaniuma. Hizo hela tunazokuja nazo zingekuwa nyingi zaidi kama si lumbesa. Gunia linajazwa mpaka linafungwa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja. Mgeni ukiona usiku magunia yenye vichwa virefu yanashushwa, ujue unaona jasho la mtu ambalo halikupimwa.

Mwanachuo 23 (#22)
Pole sana mzee wangu. Ila wanafunzi nao mtuhesabu. MUST iko huku, TEKU ipo, na vyuo vingine. Chuo kikifungwa, zile sehemu za chips mayai na za kuangalia mpira zinapoa, nimeona kwa macho. Mwenye banda la karibu na ninapopanga anafunga saa tatu wakati wa likizo.

Mzee wa Makunguru (#23)
Hiyo MUST imekuwa chuo kikuu mwaka 2012. Mwanjelwa ilikuwa haijalala tangu mimi nina nywele nyeusi.

Mwanachuo 23 (#24)
Mzee sikatai. Nasema mkesha wa sasa na mkesha wa zamani si lazima uwe na sababu moja.

Dereva wa Nakonde (#25)
Na mimi nimpinge mzee kwa heshima, shikamoo baba. Naendesha semi kwenda Lubumbashi. Wengi wetu siku hizi hatulali Mwanjelwa. Semi utaiweka wapi pale? Tunavuta Mbalizi au tunasukuma hadi Tunduma tukakae foleni ya mpaka, ni kama kilomita 100 tu mbele. Tena na huu upanuzi wa barabara ya njia nne, unapita pale unaomba Mungu. Kama malori ndiyo sababu, basi Tunduma ndiyo ingekuwa imeibeba raha yote.

Bajaji Tatu (#26)
Tunduma nayo hailali kaka, usijisahau.

Dereva wa Nakonde (#27)
Hilo kweli.

Mama wa Vitenge (#28)
Nimewasoma nikaona niseme la moto, maana watu wa sasa hawalijui. Mama yangu alikuwa na meza ya vitenge kwenye soko la zamani la Mwanjelwa, lile lililoungua mwaka 2011. Kabla ya moto soko lilikuwa na geti na muda wa kufunga. Baada ya moto tukatawanyika barabarani, na barabara haina geti. Mtu akianza kuuza nje usiku, mazoea hayaondoki hata ukimjengea ghorofa.

Loleza Mashariki (#29)
Mama, kwenye mwaka hapo. Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006. Ya 2011 ni soko la SIDO, ambako wengi walikuwa wamehamia. Halafu SIDO ikaungua tena Agosti 2017.

Mama wa Vitenge (#30)
Asante mwanangu, umenisahihisha vizuri. Tuliungua mara mbili, ndiyo maana nachanganya. Ya kwanza ilikuwa karibu na Krismasi, mama alikuwa ametoka kuchukua mzigo wa sikukuu kwa mkopo. Alichookoa ni mkasi na futi ya kamba, alikuwa navyo mfukoni mwa gauni. Ule mkasi bado ninao dukani. Kitenge chochote ninachokikata nakikata nao.

Binti Kiwira (#31)
Pole mama. Mama yangu naye alipoteza hapo. Ndaga fijo kwa kutukumbusha.

Bajaji Tatu (#32)
2011 ndiyo mwaka ule ule wa vurugu za machinga na polisi, mwezi wa kumi na moja. Sugu alikuwa mbunge wetu, akaja kuongea na vijana wakatulia. Nilikuwa nauza maji ya viroba.

Mwanachuo 23 (#33)
Ukitaja Sugu umefungua kingine. Mgeni ajue amekuja mji wa muziki. Sugu mwenyewe, Izzo Bizness, Rayvanny aliyechukua tuzo ya BET mwaka 2017. Ijumaa na Jumamosi kuna kumbi wanapandisha chipukizi, mwingine anaimba vizuri kuliko unaowasikia redioni.

Mnyalukolo (#34)
Na wakishajua kuimba wanahamia Dar, anakotoka mgeni. Amekuja kuwatafuta walioondoka.

Kitaa Sokoine (#35)
Raha kubwa niliyoiona Mwanjelwa haikuwa muziki. Ni msimu wa 2013/14. Mbeya City imepanda daraja kwa mara ya kwanza, ikamaliza ya tatu, mbele ya Simba! Ukitoka uwanja wa Sokoine hukuwa unapanda gari, unasukumwa na watu mpaka Kabwe, "koma kumwanya" njia nzima. Mzee mmoja asiyenijua alinishika mkono akanilipia supu. Ikashuka 2023 nikalia. Mgeni, kama kuna mechi Jumamosi, acha yote nenda Sokoine, halafu uifuate ile mikondo ya watu, itakufikisha Mwanjelwa yenyewe.

Dada wa Forest (#36)
Kwa wanawake wanaosoma huu uzi kimya kimya, maana najua mpo. Mwanjelwa naenda na nafurahi, lakini nina utaratibu. Tunakwenda wawili au zaidi. Kinywaji changu kinafunguliwa mbele yangu na nikienda chooni nikirudi sikinywi, naagiza kingine. Nakaa karibu na kaunta au karibu na jiko, si kwenye kona yenye giza. Namba ya bajaji ninayemwamini iko kwenye simu, na simu haikai mezani. Mwaka juzi niliiweka mezani nikasimama kucheza wimbo mmoja. Niliporudi kulikuwa na kitambaa cha meza tu. Meneja wa ule ukumbi akaniambia "dada, hapa kila mtu anajilinda". Nilikuwa nimelipa kiingilio kwake na walinzi wawili wamesimama mlangoni! Hilo neno sijalisahau.

Bajaji Tatu (#37)
Pole dada. Na wale wa karata tatu jioni pale barabarani, mgeni usisimame hata kuangalia. Wanaoshinda wote ni wao kwa wao.

Mpishi wa Soweto (#38)
Na akija kwangu simu aniachie kaunta, nitamtunzia.

Mwenye Nyumba Mafiat (#39)
Niongeze upande wa mjini, maana wote mmeeleza kwa nini Mwanjelwa haijalala, hakuna aliyeeleza kwa nini mjini panalala. Mjini kati pamepangwa tangu enzi za Mwingereza: ofisi, maduka ya Uhindini, mabenki. Anayefanya kazi pale halali pale. Saa kumi na moja anafunga anaondoka, na anaondoka kuja wapi? Kuja huku. Mwanjelwa mtu anauza chini, analala chumba cha nyuma, mpangaji yuko ua huo huo. Wateja wa usiku ni majirani. Hata bila lori, bila ndizi na bila chuo, watu hao wangetoka kununua mkate saa nne.

Mkulima wa Uporoto (#40)
Wangenunua mkate, sawa. Nusu kilo ya nyama na bia sita wananunua na hela ya mpunga.

Mzee wa Makunguru (#41)
Na hiyo nyumba unayopangisha Mafiat, babu yako aliijenga na hela ya nani? Ya madereva.

Mwenye Nyumba Mafiat (#42)
Mzee wangu, babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi!

Mgeni wa Kimara (#43)
Wakuu, nimerudi Dar jana asubuhi kwa basi la usiku, nalipa deni la uzi.

Ijumaa nilifika nimechoka, zaidi ya kilomita 800 si mchezo. Tulilala Forest kama dada alivyosema. Koti nimenunua Mwanjelwa, la kijani, zipu nzima, bitana nzima, nililibana kwapani nusu saa nikibishana bei na mdogo wake Binti Kiwira, akanipunguzia aliposikia nimetoka kwenye uzi. Binamu aliuliza "ndizi mnakaangia wapi" sehemu tatu. Mbili walimwangalia tu. Ya tatu mpishi akanyanyua kisu chenye kitambaa chekundu bila kusema neno, nikajua tumefika.

Usiku wa Jumamosi sikukaa baa sana. Saa tisa nilimpigia Bajaji Tatu akanipeleka zinakoshushwa ndizi. Kuna kijana mmoja juu ya Fuso anatupa mkungu, wa chini anaudaka kwa bega, anageuka, anauweka kwenye majani bila kishindo, na anahesabu kwa sauti Kinyakyusa. Nilisimama nikamwangalia mpaka gari likaisha. Walipomaliza waliketi juu ya magunia wakanywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati, mvuke unawafunika nyuso. Nikauliza wale vijana swali langu, kwa nini hapa hapalali. Mmoja akaniambia, "Sisi tunalala, kaka. Tunalala mchana."

Posa imekubaliwa.

Dada wa Forest (#44)
Hongereni sana! Send-off lini?

Binti Kiwira (#45)
Mdogo wangu anasema lile koti lilikuwa la elfu kumi na nane, amekuachia kwa kumi na mbili kwa sababu ya posa. Hongera.

Mgeni wa Kimara (#46)
Send-off Septemba, mwishoni. Na mama mkwe mtarajiwa anataka ndizi mikungu arobaini. @Binti Kiwira nipe namba yako pembeni.

Mkulima wa Uporoto (#47)
Viazi nani analeta? Magunia yangu hayana kilemba.